E3 imekufa: Köln, Chiba au Los Angeles, nauli yako uipeleke wapi?

Kila Juni inapokaribia hakosi mtu wa kuniuliza: "Siku hizi E3 mpya ni ipi?" E3 ni yale maonesho makubwa ya gemu za video yaliyokuwa yakifanyika Los Angeles. Anayeuliza huwa ana jambo lake. Ameweka akiba ya safari moja, ana dada yake Ujerumani au rafiki aliyesoma naye yuko Marekani, au amekesha miezi akitengeneza gemu yake ndogo na sasa anataka ionekane. Anataka nimpe jina moja amalize. Nami humrudishia swali: unaenda kucheza, kuuza au kuripoti?

Namuuliza hivyo kwa sababu E3 iliwapokea watu wote watatu chini ya paa moja, ikafa baada ya kila mmoja kupata mlango wake mwingine. Hakuna aliyeirithi nyumba nzima. Ukiingia mlango usio wako utamaliza akiba yako ukiwa umesimama kwenye foleni ya watu wengine.

Tumzungumzie marehemu kwanza, maana uchaguzi wote unatokana na alivyougua.

E3 ilifunguliwa Mei 1995 katika ukumbi wa mikutano wa Los Angeles. Kabla ya hapo kampuni za gemu zilikuwa wageni wasiothaminiwa katika CES, maonesho ya vifaa vya elektroniki, ambako ziliwahi kutengewa hema huku wauza televisheni wakikaa ndani. Walipopata nyumba yao walianza kwa kishindo. Sega ilitangaza kwamba Saturn, mashine yake mpya ya gemu, imeshaingia madukani siku hiyohiyo kwa dola 399. Ikafika zamu ya Sony. Steve Race akapanda jukwaani, akataja nambari moja tu, "299", akashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya PlayStation.

Hadithi hiyo inapendwa sana, lakini wengi husahau kuuliza nambari ile aliambiwa nani. Mtoto wa mtaani hakuwemo ukumbini. Waliokuwemo ni wanunuzi wa maduka makubwa ya Marekani, watu wa kuamua msimu wa Krismasi waagize maboksi mangapi ya kampuni ipi. Gemu wakati ule ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi: diski au katriji ndani ya boksi, boksi lahitaji rafu, na rafu ina mwenyewe. E3 ilikuwa mnada wa rafu. Waandishi wa habari walialikwa ili kelele zao ziwatie wenye rafu hamu.

Mnada ulikua hadi watu 70,000 mwaka 2005, na mabanda yakawa majumba. Kampuni zilipopiga hesabu ya pesa zinazoteketea katika siku tatu zikaguna. Mwaka 2007 shughuli ikapunguzwa kwa panga, ikahamishiwa hoteli za Santa Monica na walioalikwa wakawa kama 10,000 tu. Ilipooza kiasi kwamba 2009 ilibidi irudishiwe ukubwa wake huko Los Angeles, wakaja watu 41,000. Lakini ufa ulikuwa umeshaonekana. Mwaka 2011 Nintendo ilianza kujirekodi yenyewe na kurusha matangazo yake mtandaoni kwa jina la Nintendo Direct, na kufikia 2013 haikuona tena haja ya kukodi ukumbi mkubwa wa kuhutubia. Kampuni ya gemu ya EA ikaondoa banda lake 2016 na kufanya sherehe yake pembeni. Nyingine, Devolver Digital, kwa miaka kadhaa ilipanga eneo la kuegesha magari mkabala na ukumbi, ikawakaribisha wageni huko. Sony, iliyotamba kwa nambari moja mwaka 1995, haikutokea kabisa 2019. Mwaka huohuo tovuti ya waandaaji, chama cha kampuni za gemu kiitwacho ESA, ikavujisha anwani na namba za simu za waandishi na watengeneza maudhui zaidi ya 2,000.

Wengi husema iliuawa na korona. Korona ilimkuta mgonjwa aliyelala kitandani miaka kumi. Maonesho ya 2020 yalifutwa, ya 2021 yakafanyika mtandaoni, 2022 hapakuwa na kitu, na ya 2023 yakafutwa miezi miwili na ushei kabla ya siku yake baada ya Sony, Nintendo na Microsoft kutokuwa tayari kupanga mabanda. Tarehe 12 Desemba 2023 ESA ikatangaza kwamba yamekwisha moja kwa moja.

Kosa moja katika historia hiyo ndilo linalonifanya niipende Gamescom, maonesho ya gemu ya Köln, Ujerumani. Mwaka 2017 E3 ilipoona wafanyabiashara wanapungua iliuza tiketi 15,000 kwa mashabiki, ikawachanganya na wenye shughuli zao katika kumbi zilezile, siku zilezile. Aliyewahi kwenda Sabasaba pale Barabara ya Kilwa siku ya sikukuu yenyewe, akitafuta bei ya mashine ya kukoboa, anajua yaliyotokea. Umefuata biashara, unakuta familia zimefuata matembezi, na muuzaji hakusikii kwa muziki. Kila upande ulitoka Los Angeles ukinung'unika.

Kama unaenda kucheza

Hapa ushindani ni wa Gamescom ya Köln na Tokyo Game Show. Los Angeles nitaisema kwa ufupi baadaye kwa sababu shabiki hana cha maana cha kufanya kule.

Gamescom ilianzia Leipzig mwaka 2002 ikiitwa Games Convention, na kutoka 2009 iko Köln, kila Agosti. Waandaaji walifanya jambo dogo ambalo E3 haikulifanya: walitenga. Siku ya kwanza, Jumatano, ni ya wenye biashara na waandishi. Umma unafuata kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Wenye mikutano wana kumbi zao ambazo shabiki haingii hata akilia. Kwa hiyo watu wanaweza kuwa wengi mpaka wakatapakaa na biashara isiharibike. Na ni wengi kweli: 373,000 mwaka 2019, wakashuka hadi 265,000 mwaka 2022 baada ya korona, wakapanda tena hadi 357,000 mwaka 2025. Linganisha na E3, ambayo mwaka wake mnono ilikuwa na 70,000.

Tokyo Game Show huitwa ya Tokyo lakini iko Makuhari Messe, mjini Chiba, safari ya treni kutoka katikati ya Tokyo. Ilianza 1996 na hufanyika Septemba. Nayo hutenga siku mbili za mwanzo kwa wafanyabiashara. Mwaka 2024 ilipokea watu 274,739, na mwaka huo Sony ilirudi ukumbini na banda kubwa kwa mara ya kwanza tangu 2019. Nintendo, kwa kushangaza wageni wengi, haina desturi ya kuweka banda la umma pale, ingawa ni kampuni ya Kijapani. Ukitaka kugusa kitu kipya cha Nintendo, Köln ina nafasi nzuri zaidi, japo nako si kila mwaka: 2024 haikwenda, 2025 ikarudi.

Sasa kipi kinakufaa? Kama roho yako iko kwenye gemu za Kijapani, za mapigano au zile ndefu za kuigiza uhusika, na unaweza kuvumilia mabandiko mengi ya Kijapani, Chiba itakupa vitu ambavyo Köln huvioni: kampuni za wastani zisizosafiri nje, bidhaa za mapambo zinazouzwa hapo tu, na watu waliovaa kama wahusika kwa ufundi wa kutisha. Kwa mengine yote nakuelekeza Köln. Kiingereza kinakutosha. Kituo cha treni cha Köln Messe/Deutz kiko mlangoni kabisa. Aliye Uholanzi, Ubelgiji au Ufaransa anakwenda kwa treni na kurudi. Viza moja ya Schengen (ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024) inakuruhusu kumpitia na ndugu yako aliye Brussels. Na Ujerumani ina ndugu. Japani wengi wetu hatuna wa kutulaza hata usiku mmoja. Usidharau hilo, malazi ya Köln wiki ile hupanda bei hadi watu hulala Düsseldorf.

Lakini nikuonye kuhusu foleni. Kucheza gemu inayosubiriwa sana kwa dakika 20 unaweza kusimama saa tatu, nne, au zaidi. Shabiki anayefika saa nne asubuhi bila mpango huondoka jioni amecheza gemu mbili na kubeba mfuko wa karatasi. Anayejua huchagua foleni moja kubwa, huiwahi milango ikifunguliwa, kisha siku nzima iliyobaki huitumia kwa studio ndogo, hasa Indie Arena Booth, ambako unakaa, unapewa pedi, na aliyetengeneza gemu yuko ubavuni akikutazama unavyokwama. Ile ndiyo raha ya Köln. Mambo makubwa yote utayaona kwenye simu usiku uleule.

Kitu kingine ambacho wazazi hawakijui: Ujerumani inafuata umri kwa ukali. Mlangoni unavishwa bangili ya rangi kulingana na miaka yako, na gemu za 16 na 18 huchezwa ndani ya kuta zilizozibwa. Ukienda na kijana wa miaka 14 akitarajia kupiga risasi, mtakuwa na siku ndefu.

Los Angeles, au kulala kwako ukatazama

Summer Game Fest ndiyo watu hudhani ni E3 mpya, kwa kuwa iko mji uleule na mwezi uleule. Mwanzilishi wake Geoff Keighley alijitoa E3 mwanzoni mwa 2020 kabla hata ya korona kuifuta, akaanzisha yake mwaka huohuo. Ukiivua nguo ni kipindi cha televisheni. Tiketi za kukaa ukumbini zimekuwa zikiuzwa, lakini baada ya saa mbili umemaliza. Sehemu ya kushika pedi, Play Days, ni ya waandishi na watengeneza maudhui walioalikwa. Kipindi chenyewe huuza dakika zake: mwaka 2024 jarida la Esquire liliripoti kwamba trela ya dakika moja hugharimu dola 250,000 na ya dakika mbili na nusu dola 550,000, ukiacha nafasi chache zinazotolewa bure. Kwa hiyo hata unachotazama kimechujwa na pesa kabla hakijakufikia.

Halafu kuna viza. Kwa Mtanzania, Oktoba 2025 Marekani iliiingiza nchi yetu katika orodha ya wanaoweza kutakiwa kuweka dhamana ya hadi dola 15,000 ili kupewa viza ya matembezi. Masharti haya hubadilika, na kila mwenye pasi ya nchi yake ayaangalie yake, lakini kuyapitia yote ili ukakae kitini saa mbili ukitazama skrini ni kichekesho.

Kutazama nyumbani hakuna aibu. Nakumbuka E3 ya Juni 2013: Microsoft ilianza saa moja na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Xbox One ikatajwa dola 499, Sony ikafuata saa kumi alfajiri, PlayStation 4 ikatajwa 399, na ukumbi mzima ukasimama. Tulikuwa watu wanne na kompyuta moja iliyokuwa ikigandaganda, tukasikia bei kabla ya kuiona picha. Leo hupati tena shindano la ana kwa ana namna hiyo, maana kila kampuni hutangaza siku yake. Summer Game Fest huangukia karibu saa sita usiku kwetu. Opening Night Live, kipindi cha ufunguzi wa Gamescom, ambacho pia huendeshwa na Keighley, huanza saa tatu usiku, muda wa mtu mwenye kazi kesho. Matangazo ya Tokyo hukutana nawe alfajiri na asubuhi. Kwa mtazamaji tu, basi, Köln inashinda hata kwa saa.

Kama unaenda kuuza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijana ametengeneza gemu Nairobi au Dar es Salaam, wako wawili au watatu, hawana mchapishaji. Anaona mabanda ya Gamescom anadhani banda ndilo dawa. Banda la peke yako, ukijumlisha nafasi, samani, umeme, nauli na malazi, linaweza kula bajeti ya gemu nzima, na utakuwa kona moja kati ya mabanda zaidi ya elfu. Wadogo wanaofaidika Köln huingia kwa njia mbili: chini ya banda la pamoja, ambalo nchi nyingi huligharamia kwa ajili ya studio zao, au bila banda kabisa, na beji ya biashara, kompyuta ya mkononi na ratiba ya mikutano iliyopangwa kwa barua pepe wiki nyingi kabla. Hii ya pili naipenda zaidi. Mchapishaji hahitaji kuona bango lako, anahitaji dakika 30 na gemu inayofanya kazi.

Chiba ina mlango mzuri ambao watu wetu hawaugongi: Selected Indie 80. Waandaaji huchagua gemu 80 za studio ndogo kutoka popote duniani na kuzipa nafasi ya kuonesha bila malipo ya banda. Nauli na malazi ni juu yako. Kuna pia Sense of Wonder Night, usiku wa gemu za ajabuajabu, unaofanyika tangu 2008. Kama gemu yako ina wazo ambalo watu wakiliona wanacheka kabla ya kuelewa, peleka huko. Kama ni ya mbio za magari iliyo safi lakini ya kawaida, usijisumbue.

San Francisco, mwezi Machi, kuna GDC, iliyoanza 1988 sebuleni kwa mtengeneza gemu Chris Crawford kwa watu wasiotimia 30. Ni ya mafunzo na kukutana na wenye fani, si ya mashabiki. Tiketi yake kamili ni zaidi ya dola elfu moja, na mihadhara mingi ya miaka iliyopita iko YouTube bure. Mwanzoni mwa safari tazama hiyo ya bure.

Karibu zaidi kuna Africa Games Week, Cape Town. Ni ndogo, na udogo wake ndio faida: anayetafuta studio za Afrika amekuja kwa ajili hiyo, huhitaji kumtafuta katika bahari ya watu laki tatu. Mtanzania na Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90. Kwa studio ya kwetu inayokwenda nje mara ya kwanza, mimi ningeitanguliza hii kabla ya Köln, ili ukajifunze kuieleza gemu yako kwa dakika tano mbele ya mtu mwenye pesa, mahali ambapo kukosea hakukugharimu Schengen.

Lakini kabla ya zote kuna Steam Next Fest, tamasha la mtandaoni la Steam, duka la gemu za kompyuta, mara tatu kwa mwaka, hakuna ndege wala viza. Unalipa dola 100 za kuiweka gemu yako Steam, na ada hiyo hurudi mauzo yakifika dola 1,000. Kushiriki kwenyewe ni bure. Masharti: uwe na demo, yaani kipande cha gemu cha kujaribia, na gemu moja hushiriki mara moja tu. Hilo la mara moja ndilo huwakata wengi. Wanakimbilia tamasha lililo karibu demo ikiwa mbichi, wanatupwa mkiani kati ya demo elfu mbili na zaidi, na nafasi haijirudii. Subiri. Pata kwanza watu wa kuiweka gemu yako kwenye orodha zao za kuisubiri, kwa sababu Steam huisukuma juu iliyo na wanaoisubiri. Idadi hiyo ukiwa nayo, ndiyo utakayoipeleka kwa mchapishaji Köln au Cape Town, na atakusikiliza tofauti. Wenye rafu wa 1995 walikuwa watu wenye majina unaoweza kuwanunulia chakula cha mchana. Mwenye rafu wa leo ni programu, na hula takwimu.

Kama unaenda kuripoti

Fupi tu: Köln. Jumatano unapata mahojiano ya siku nzima, Alhamisi unawapiga picha mashabiki, na huhitaji mwaliko wa bwana mmoja kama Los Angeles, unahitaji kuthibitisha kwamba unachapisha. Aliye Dubai au Abu Dhabi anaweza kujizoeza na tamasha la gemu la Dubai, lenye mkutano wa biashara na siku za umma, kisha akafikiria Ulaya.

ESA yenyewe imeshatangaza mkutano mpya, iicon, Las Vegas mwaka 2026, kwa ajili ya wakubwa wa kampuni. Mashabiki hawakutajwa kwenye mwaliko. Wamechagua mlango mmoja kati ya mitatu, na kwa maoni yangu wamefanya hesabu sahihi, miaka ishirini baada ya muda wake.

Mimi nimeshachagua: Köln, tiketi ya Alhamisi, kwa kuwa Jumamosi huwahi kuisha na hata ukiipata hutapata pa kuweka mguu. Foleni moja kubwa asubuhi, kisha kwa wadogo hadi wafunge. Viatu vya zamani, chupa ya maji, na mkate wangu mwenyewe mfukoni.